Jina, sanduku la posta, mji

Ilikuwa Alhamisi saa tano na kitu usiku, umeme hamna, simu imebaki asilimia kumi na moja, ndo nikaona nimetajwa kwenye beti. Kuna mama mmoja wa Tanga tumejibizana naye mashairi mtandaoni karibu miaka minne, sijawahi kumwona sura wala kusikia sauti yake, na usiku huo alikuwa ameniwekea fumbo mbele ya wenzetu wote:

Ninacho kitu ni changu, na sikitumii mno,
Kanipa mzazi wangu, sijaota hata jino,
Hukitumia wenzangu, kila wakiwa na neno,
Kifumbue ndugu yangu, nijibu kwa wako wino.

Genge letu lilikuwa na sheria moja tu, ukitajwa unajibu. Hata kama jibu lenyewe bovu, hata kama vina vimekugomea, unajibu, manake kumwacha mwenzio na beti hewani ni sawasawa na mtu kukunyooshea mkono wa salamu ukampita.

Nikaanza kutunga. Jibu nililokuwa nalo kichwani lilikuwa kivuli, nikawa nalitafutia vina, nikafika mshororo wa tatu, bando likakata. Nikasema basi, asubuhi.

Asubuhi akaunti haikuwepo.

## Majina tisa

Mtandao wenyewe siutaji, kwa sababu kilichonipata mimi kinaweza kumpata mtu yeyote kwenye mtandao wowote ule mkubwa. Niliambiwa nimekiuka taratibu. Zipi, sikuambiwa. Nikakata rufaa, nikajibiwa ndani ya dakika moja kwa maneno yale yale, nikakata tena, maneno yale yale, mara ya tatu hata hayo hayakuja. Nikafungua akaunti nyingine kwa namba ile ile ya simu, ikadumu siku mbili ikafungwa na yenyewe. Binamu yangu nikamwomba aingie kwa akaunti yake anitafutie yule mama, lakini yule mama alikuwa ameiwekea yake kufuli na jumbe za watu asiowajua hazifungui, na mi nilikuwa namsifu sana kwa hilo zamani.

Picha zangu ninazo. Mashairi yangu mengi ninayo kwenye daftari. Kilichokuwa kinaniamsha usiku ni lile fumbo. Nilikuwa namwona yule mama asubuhi anafungua simu, anaangalia kama nimejibu, halafu kesho yake tena, halafu siku moja anaacha kuangalia. Ataamini nimemdharau. Na hao wengine nane, bwana wa Muscat, kijana wa Bujumbura, yule mwalimu wa Kilifi, wote wataona nimetajwa nikanyamaza.

Ndo nikagundua kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kukisema. Kwa miaka minne nilikuwa na majina tisa ya watu ninaowapenda kabisa, na sikuwa na anwani ya hata mmoja.

## Kasha la babu

Mwezi uliofuata nilienda Korogwe kumwona mama. Babu mzaa mama alikuwa mtunzi, si mkubwa, wa kurasa za mashairi za magazetini tu, na mama ametunza vipande vyake kwenye kasha la bati, karatasi zimeshakuwa rangi ya chai. Nilikuwa nimeviona tangu utotoni. Safari hii ndo mara ya kwanza nikaangalia chini ya shairi badala ya shairi lenyewe.

Kila moja limeishia vile vile. Lakabu. S.L.P. na namba. Mji.

Na si babu tu, wote kwenye ukurasa, mtu kaitwa sijui Sauti ya nani, S.L.P. namba fulani, Pangani. Mwenzie anamjibu kutoka Kigoma. Wewe msomaji wa umri wangu umeshaziona kurasa hizo, na pengine kama mimi hujawahi kujiuliza ile anwani ilikuwa inafanya nini pale.

Nikamuuliza mama. Akaniangalia kama nimeuliza maji ni ya nini.

"Ili wamwandikie. Sasa wangempataje, mwanangu?"

"Walikuwa wanamwandikia kweli?"

"Barua zilikuwa zinakuja mpaka za Mombasa. Mtu hamjui, hajawahi kumwona, anambishia tu shairi lake. Babu yako anajibu usiku huo huo na kibatari."

"Na gazeti lilipokufa?"

Mama akafunga kasha. "Gazeti lilikufa. Barua ziliendelea kuja."

Nililala na hiyo sentensi.

## Seva, na kwa nini niliikimbia mara ya kwanza

Mwishoni mwa 2022, Elon Musk aliponunua Twitter kwa dola bilioni 44 na watu wakawa wanahama kwa makundi, mwenzangu mmoja kazini aliniambia jaribu Mastodon, mtandao mwingine wa kijamii. Nikajaribu, dakika kumi nyingi. Kitu cha kwanza ikaniambia nichague seva, nami sikujua seva ni nini wala kwa nini nichague, nikaona haya ni mambo ya mafundi, nikafunga.

Niliporudi kutoka Korogwe nikafungua tena, na safari hii niliangalia anwani inavyoandikwa. Jina lako, halafu alama ya @, halafu jina la seva uliko.

Lakabu, sanduku, mji!

Yani kitu kilichonifukuza 2022 ndo hicho hicho kilichonivuta sasa. Mastodon haina mwenye nyumba mmoja. Ni programu iliyoanzishwa 2016 na kijana wa Ujerumani, Eugen Rochko, ikatolewa bure, na yeyote mwenye kompyuta ya kuiweka hewani anaweza kufungua posta yake, ndo hiyo seva, akapokea watu, akaweka sheria zake. Posta hizo zinapelekeana barua kwa lugha moja inayoitwa ActivityPub, ambayo W3C, shirika lile lile la viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi Januari 2018. Na lugha hiyo si ya Mastodon peke yake, kuna Pixelfed ya picha, kuna PeerTube ya video, hata blogu ya WordPress ukiiongezea kiambatisho chake inafuatwa na watu kama vile ni akaunti ya mtu.

Kwa Mtanzania sidhani kama inahitaji maelezo marefu. Tunakumbuka kabla ya 2014 hela ya simu ilikuwaje, ukimtumia mtu wa mtandao mwingine anapata namba ya siri, inabidi akaitoe kwa wakala wa mtandao wako wewe. Halafu mitandao ikaanza kuunganishwa na leo unatuma tu, hujali mwenzio ana laini gani. Mitandao ya kijamii tuliyoizoea bado iko kabla ya 2014. Ukitaka kumpata mtu wa kule, lazima na wewe ukaishi kule.

## Natafuta watu tisa

Nilitumia siku tatu kuchagua seva na naamini hapo ndo watu wengi wanaishia, wanadhani wanachagua mke. Mi niliangalia mambo machache. Nani anaiendesha na kama amejitaja kwa jina. Sheria zake zinasemaje kuhusu matusi na ubaguzi. Gharama analipa nani. Na kuna jambo jingine ambalo singelijua kama nisingesoma, mkia wa anwani yenyewe: kuna seva ya Mastodon iliyokuwa imejipa jina linaloishia na .af, ambao ni mkia wa Afghanistan, na Februari 2024 wizara ya huko chini ya Taliban ikalisimamisha jina hilo. Kompyuta ilikuwepo, watu walikuwepo, anwani ikaondoka. Kwa hiyo hata posta ya mtaani inakaa juu ya ardhi ya mtu.

Nikapata seva ndogo, watu mia mbili na kitu, waandishi wengi. Fomu yao ilikuwa inauliza kwa nini unataka kujiunga. Nikakaa na hilo swali muda mrefu kuliko nilivyotegemea, manake hakuna mtandao uliowahi kuniuliza, nikaishia kuandika kwamba ninatunga mashairi ya Kiswahili na natafuta watu tisa. Siku mbili baadaye akanikubali binadamu, na akaniandikia anatumaini nitawapata.

Kabla ya hapo lakini, kwenye fomu, sehemu ya juu kabisa, kulikuwa na kiboksi kinasema weka jina. Nikaweka lakabu yangu. Kidole kikabaki hapo hapo juu ya kioo.

Kitu changu lakini nakitumia kidogo. Nilipewa sijaota jino. Wenzangu ndo wanakitumia wakiwa na neno na mimi.

Haikuwa kivuli. Ilikuwa jina!

Nilicheka peke yangu, halafu nikasikitika, kwa sababu mtu wa kumwambia hakuwepo.

## Ukimya

Wiki ya kwanza ni ngumu, na ninaiandika hapa kwa sababu wengi wanaosifia mambo haya wanairuka.

Umezoea kufungua simu unakuta kelele. Huku unafungua unakuta ukurasa mweupe, manake hakuna anayekuchagulia cha kuona, unaona wale tu uliowafuata na kwa mpangilio wa saa walivyoandika. Hujafuata mtu, hamna kitu. Nikaandika shairi langu la kwanza, herufi 500 zinazoruhusiwa zinaingia beti mbili na ya tatu inakaribia, raha iliyoje, nikaposti, nikasubiri kama mtu aliyeimba kwenye ukumbi ambao viti bado vimefunikwa.

Kimya.

Nikatafuta neno mashairi kwenye kisanduku cha kutafutia, sikupata kitu. Hapo nilikata tamaa kabisa, nikasema kumbe Waswahili hawapo. Ikachukua siku kadhaa kuelewa kwamba nilikuwa natafuta vibaya. Kwanza huku maandishi ya mtu hayatafutiki ovyo, mpaka mwenyewe akubali yatafutwe, na hilo lenyewe limekuja na toleo la 2023, kabla ya hapo ilikuwa hashtegi tu. Pili, na hili ndo la muhimu, seva inajua yale tu yaliyowahi kuifikia. Kama hakuna mtu kwenye seva yako anayemfuata mtunzi wa Kilifi, basi barua za huyo mtunzi hazijawahi kushushwa kwenye posta yenu, na ukitafuta utaambiwa hamna. Zipo. Ila hazijaitwa.

Basi nikaanza kuziita. Nikawa naingia kwenye kurasa za seva kubwa bila hata akaunti, naangalia hashtegi za Kiswahili, nikiona mtu nachukua anwani yake nzima naibandika kwenye seva yangu, namfuata. Mmoja akaleta mwingine. Wiki ya tatu nilikuwa na watu arobaini na moja, na ukurasa wangu ulianza kuwa na asubuhi na jioni, mtu wa Zanzibar anaandika kuhusu bahari alfajiri, Mkenya fulani aliyeko Norway analalamika baridi usiku, na hakuna aliyesukumwa mbele ya mwenzie kwa sababu kagombana na mtu.

Mdogo wangu wa kike nilimvuta aje. Akakaa siku mbili, akaniuliza, "Kaka, sasa hapa naona nini?" Sikuwa na jibu zuri. Rafiki zake hawapo, wauza nguo anaowafuata hawapo, na mimi siwezi kumwambia aache walipo watu aende wasipo kwa sababu ya kasha la bati la Korogwe. Akaondoka. Hili bado linanisumbua, kwa sababu anwani nzuri isiyo na mtu wa kukuandikia ni kitu cha huzuni pia.

Na wapo watakaosema hapa kwetu hata hizo seva hazisaidii. Wana hoja. Mei 2025 X, ndo ile Twitter, ilipoacha kufunguka Tanzania bila VPN, seva za Mastodon hazikuwa na shida hiyo, sawa. Lakini Oktoba 29 mwaka huo huo, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ilipokatika, seva iwe ya Ujerumani, iwe ya uani kwako, zote zilikuwa giza.

## Mwenye posta

Halafu kuna mambo ya kuamini mtu. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafungwa kwa ufunguo kama wa WhatsApp, mwendesha seva akiamua kuusoma anaweza, na programu yenyewe inakuonya. Ndo ilivyokuwa na karani wa posta wa babu, barua ilikuwa inapita mikononi mwake. Kwa hiyo namba ya simu ya mtu, mambo ya ndani, siandiki kule.

Wiki mbili baada ya kunipokea, mwendesha seva yetu akatangaza anafunga. Ana kazi mpya, ana mtoto mdogo, analipia kutoka mfukoni na michango haitoshi. Akatupa miezi mitatu, ambayo ndo ahadi wanayoiweka waendesha seva wanaotaka kuorodheshwa na Mastodon wenyewe.

Nilisoma lile tangazo nikasikia tumbo linashuka kama ile asubuhi ya kwanza. Mara ya pili sasa! Nikajiona mjinga, nimekimbia jumba nimehamia kibanda na kibanda kinaezuliwa.

Lakini hii haikuwa kama ile. Huyu alikuwa mtu, ameeleza sababu, ameomba radhi, na amenipa muda wa kufungasha. Nikafungua akaunti kwenye seva nyingine, nikaiambia seva mpya kwamba yule wa kule ni mimi, nikarudi ya zamani nikabonyeza hama, nikalala. Asubuhi wafuasi wangu karibu wote walikuwa wameshafika kwenye anwani mpya bila wao kufanya lolote. Orodha ya niliowafuata niliibeba kwenye faili. Mashairi kumi na tisa yalibaki nyuma, hayo hayahami, niliweza tu kupakua nakala nikaiweka kwangu.

Si kamili. Sisi tangu Machi 2017 mtu anahama mtandao wa simu na namba yake ile ile, huku anwani inabadilika, ni kama kuhama Tanga kwenda Moshi ukaacha maelekezo posta. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii uliofungua milango kwa kila mtu Februari 2024, wamelifikiria hili vizuri zaidi, unaweza kutumia jina la tovuti yako mwenyewe kama jina lako na ukahama nalo. Nimefungua na huko pia. Ila watu wake wengi mno bado wanahifadhiwa na kampuni moja, na mimi kwa yaliyonikuta naliona bado ni jumba moja kubwa lenye mlango wa dharura, hata kama mlango wenyewe ni mzuri.

Seva mpya naichangia kila mwezi, hela ya chapati na chai za siku chache, kwa kadi ya kwenye simu. Sikuwahi kulipia mtandao maishani. Sasa najua ninayemlipa anaitwa nani.

## Jibu

Kijana wa Bujumbura ndo aliyenipata kwanza, kwa hashtegi. Akaandika mstari mmoja tu, "Kumbe hujafa." Naye alikuwa na namba ya bwana wa Muscat, bwana wa Muscat akaja, kwa manung'uniko, anasema ana umri wa kutosha kutochagua seva, nikamchagulia. Tukawa watatu kati ya kumi.

Wakaniambia genge lilisambaa. Yule mama baada ya fumbo lake kukosa jibu alikaa kimya wiki mbili, halafu akaacha kuandika. Si kwa ajili yangu pengine. Lakini waliniambia.

Nikatunga jibu usiku huo, nikalibandika kwenye anwani yangu mpya, na hashtegi zote nilizozijua:

Nilikawia njiani, wala sikurudi nyuma,
Fumbo lako la zamani, leo hii nalisema,
Ni jina la utotoni, lile alonipa mama,
Niite, nipo mjini, nyumba mpya nimehama.

Wiki ikapita. Likasambazwa na watu kumi na wawili, yeye hakuwemo.

Ndo bwana wa Muscat akaniandikia ujumbe mfupi. Mwaka juzi alimtumia yule mama kitabu, kwa posta ya kawaida, na risiti anayo. Kabla ya kunipa anwani alimwandikia kwanza kumwomba ruhusa, kwa ujumbe wa simu ambao ulikaa siku nne bila kujibiwa, siku ya tano ukajibiwa neno moja, "Mpe." Kwa hiyo akanipa. S.L.P., namba, Tanga.

Jumatatu niliingia posta hapa Morogoro. Karatasi ya daftari, beti ile kwa mkono, na chini yake nikaandika lakabu yangu, chini ya lakabu sanduku la ofisini kwetu, Morogoro, halafu mstari wa nne ile anwani nyingine yenye alama ya @. Nilikuwa bado sijafunga bahasha, dada wa dirishani akaisoma kichwa chini juu.

"Hii ya mwisho ni barua pepe, kaka?"

"Inafanana nayo."

Akalamba stempu, akaigonga muhuri, akaitupia kwenye gunia lililokuwa nyuma yake.